Umeingia Baraza la Chuo kama mwakilishi? Soma hii kabla kabrasha la kwanza halijakufikia

Kila mwaka uchaguzi wa serikali ya wanafunzi ukiisha tunapata sura mpya kwenye Baraza, na wawakilishi wa wafanyakazi nao hubadilika, wanakuja na hoja kali kweli ila hawajui wazipeleke wapi. Mimi kazi yangu ni makabrasha ya Baraza, yaani nyaraka za kikao, kwenye chuo kimoja cha umma hapa Tanzania, naandaa, nasambaza, afu nakaa pembeni naandika muhtasari, kwahiyo haya ni ya kuonea pale pembeni.

Kwanza jueni Baraza linaamua nini. Mitaala, mitihani, matokeo, nani anatunukiwa digrii, hayo ya Seneti, chombo cha juu cha taaluma. Baraza ni pesa, mali, ajira, sera na kanuni. Zamani kila chuo cha umma kilikuwa na sheria yake, UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) ilikuwa na ile ya 1970 ilipotengana na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) ya 1984, Chuo Huria ya 1992, afu ikaja Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 na vyuo vikahamia kwenye Hati Idhini, yaani charter ya kila chuo. Itafute Hati ya chuo chenu na uisome, maana mengine yanatofautiana chuo na chuo, na mjumbe anayesimama kulalamikia supp (mtihani wa marudio) kwenye Baraza anajibiwa kwa upole tu "hilo Seneti, mdogo wangu", basi nafasi imeshapita.

Sasa hili ndo kubwa. Uamuzi mwingi haufanyiki pale mezani. Jambo linaanzia idarani, linaenda menejimenti, linaingia kamati ya Baraza, iwe ya fedha na mipango, ya ajira, ya ukaguzi, huko ndo watu wanabishana mpaka saa kumi na moja jioni, likifika Baraza kuu limeshachujwa na maneno yake yameandikwa tayari mwishoni mwa waraka: "Baraza linaombwa kuidhinisha..." Kwahiyo ukipokea kabrasha anza na hiyo sentensi ya mwisho, ndo urudi juu uone kama maelezo yanaibeba. Na pigania kuwekwa kwenye kamati. Nimeona mwakilishi mpole kabisa, kikao kikuu hafungui mdomo, lakini kwenye kamati alibadilisha mstari mmoja wa kanuni za hosteli na ukapita hivyohivyo hadi juu bila mtu kuugusa.

Wa wafanyakazi, nyie mtaulizwa sana kuhusu kupanda vyeo, kaeni sawa na hili. Baraza linaweza kuidhinisha mhadhiri apande leo, barua akapata, ila mshahara ni habari nyingine: lazima nafasi iwe kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa), bajeti ya mishahara iwepo, na mabadiliko yapite Utumishi, ofisi ya serikali inayosimamia watumishi wa umma, kwenye mfumo wao. Mtu anakaa na cheo kipya na mshahara wa zamani, anawageukia nyinyi anasema mmelala. Msimwahidi tarehe. Ulizeni kwenye kamati ikama ya mwaka ujao imeombaje, maana hapo ndo mwanya ulipo, siyo kugombana na mwenyekiti wa Baraza ambaye hana ufunguo wa hazina.

Pesa nayo ina msimu wake, sawa na mahindi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, ila mapendekezo yanaandaliwa miezi mingi kabla, kwa kufuata mwongozo wa Wizara ya Fedha, kwahiyo ukija mwezi Mei na ombi la kukarabati vyoo vya hosteli utasikilizwa vizuri sana na hutapata kitu, mafungu yameshapangwa. Mwakilishi wa wanafunzi ana mwaka mmoja tu, na Baraza kwa kawaida linakutana kama mara nne kwa mwaka, piga hesabu mwenyewe. Hoja yako ya bajeti ipeleke mapema mno kuliko unavyodhani, kwa maandishi, na makadirio yameambatanishwa, siyo "wanafunzi wanateseka".

Tenda msiziguse. Baraza linapitisha bajeti na mpango wa manunuzi, ila nani kashinda ni bodi ya zabuni na Afisa Masuuli ambaye ndiye Makamu Mkuu wa Chuo, na siku hizi mchakato uko kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Mjumbe anayempigia simu mtu wa manunuzi "kuulizia tu" anajitafutia jina baya. Mkitaka kujua pesa ilitumikaje ombeni taarifa ya mkaguzi wa ndani na majibu ya hoja za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), hizo ni haki yenu kabisa na wachache mno wanazisoma.

Kipengele wengi wanachokilalia ni Yatokanayo. Hapo ndo maazimio ya kikao kilichopita yanaulizwa yamefikia wapi, na neno "linaendelea kufanyiwa kazi" linaweza kuishi humo hata miaka miwili. Omba jina la mhusika na tarehe viandikwe kwenye muhtasari, sema tu "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba tuweke muda", hakuna atakayekukatalia. Ukisubiri Mengineyo, kipengele cha mwisho cha ajenda, watu wameshafunga mabegi.

Na siri. Kama jambo linakuhusu wewe au ndugu yako, tamka kabla halijajadiliwa afu utoke nje. Ukirudi kwa wenzako waambie kilichoamuliwa pale kitakapotangazwa rasmi, usiwatajie nani alisema nini, na kabrasha usilipige picha ukarusha kwenye grupu la WhatsApp, kila nakala ina namba na tunajua ya nani.

Posho msinipigie simu kuulizia, fomu mtaikuta mezani siku ya kikao.