Usalama wa watunza bustani kwenye mawe ya Goma

Ndugu, umeuliza ununue nini kwanza kwa ajili ya vijana wako watatu wanaofyeka na kupiga dawa katika viwanja vya Himbi, ilhali fedha ni kidogo. Anza na macho. Ardhi yetu hapa Goma imejaa vipande vya mawe ya volkano, na uzi wa mashine ya kufyekea ukigonga kipande kimoja hukirusha kwa kasi inayoweza kupofusha. Kwa hiyo kila mtu avae miwani ya kinga na buti ngumu, aokote mawe kabla ya kuwasha mashine, na asikubali mtoto wala mpita njia asogee ndani ya mita 15.

Kuhusu dawa, nitasema kwa ukali kwa sababu jambo hili linaniuma: msiihifadhi kamwe ndani ya chupa ya maji au ya soda, kwani dawa ya magugu iitwayo parakwati, kwa mfano, haina kiuasumu, na mkupuo mmoja tu unaweza kuua. Pigeni asubuhi upepo ukiwa umetulia, mkivaa glavu za mpira na shati la mikono mirefu, kisha nguo hizo zifuliwe peke yake. Vijana wapate pia chanjo ya pepopunda, maana vijidudu vyake hukaa udongoni na mawe haya hukata ngozi kila siku.