Dirisha la kempa linavuja? Usikimbilie silikoni kwanza

Harufu ndo ilitutangulia. Tulikuwa tunarudi kutoka Karatu mwezi wa nne, masika imekolea, mke wangu yuko nyuma na mtoto amelala, akaniita, baba hebu simama, huku nyuma kunanuka kama gunia lililolowa. Mi nikamwambia ni matope ya viatu tu mama, tukaendelea na safari. Tulivyofika nyumbani Njiro nikanyanyua godoro, upande wa ukutani limelowa na limeshaanza madoa meusi ya ukungu, nikabonyeza plaiwudi ya ukuta pale chini ya dirisha kwa kidole gumba, kidole kikaingia. Kimeingia kabisa, kama unabonyeza mkate uliochovya kwenye chai.

Gari lenyewe ni kempa, yaani gari la kulala safarini, ya mtumba kutoka Japani, chesisi ya Toyota, juu bodi ya faiba, ndani kuna mifupa ya mbao na plaiwudi na katikati lile sponji gumu la kuzuia baridi. Ina kitanda, kajiko, sinki, basi. Lakini haya ninayoandika yanamhusu pia yule aliyegeuza Hiace au Costa kuwa gari la kulala, na hata nyie wa Landkruza za wageni, maana sa hivi Arusha hii kila mtaa utakuta mtu ana gari la namna hiyo uani.

Na mjue sisi huku madirisha yetu yanateseka kuliko ya wenzetu. Ukishapita geti la Loduare la kuingilia Ngorongoro lami imeisha, kuanzia pale hadi Naabi, geti la Serengeti, ni rafu na zile bati za barabarani, vituta vidogo vidogo vilivyopangana, zinatetemesha bodi saa nzima, skrubu zinalegea moja moja bila wewe kujua, alafu jua la miezi ya kiangazi linakausha gundi mpaka inasinyaa na kupasuka, vumbi linaingia kwenye ufa na kukaa humo. Masika ikifika njia imeshaandaliwa, maji yanapita tu.

Sasa kabla hujaita fundi, jiulize kwanza kama kweli dirisha linavuja au ni pumzi zenu. Sisemi utani. Mwezi wa sita na wa saba Arusha ni baridi, na ukilala kule juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, watu wawili au watatu mmejifungia na mmechemsha chai humo humo, asubuhi vioo vyote vinatiririka kwa ndani na maji yanajikusanya chini ya fremu. Mtu anaona maji anasema linavuja. Angalia hivi: kama maji yanatokea hata siku ambayo mvua haijanyesha na yako kwenye madirisha yote, hiyo ni pumzi, acha dirisha wazi kidogo usiku na fungua kile kidirisha cha paa. Ukitaka uhakika chukua karatasi ya foili ya jikoni, bandika kwenye ukuta kwa selotepu pande zote nne, iache siku moja au mbili. Ukungu wa maji ukiwa juu ya foili, upande wa chumbani, ni pumzi zenu. Ukiwa nyuma ya foili, upande wa ukuta, basi ndugu yangu maji yamo ndani ya ukuta.

Ya kwangu ilikuwa nyuma ya foili.

Nikafanya kosa ambalo karibu kila mtu analifanya. Nikampelekea fundi mmoja, akaangalia dirisha la kitandani dakika mbili, akachukua silikoni akazungushia dirisha lote kwa nje, akahamia na la upande wa jiko akazungushia nalo, kazi imeisha, nikalipa. Baada ya wiki mbili mvua kubwa ikapiga usiku, asubuhi godoro limelowa palepale, na safari hii hata upande wa jiko, ambao haukuwahi kuvuja, kuna dimbwi kwenye kaunta. Niliumia sana, siyo kwa hela tu, ni kwamba wiki mbili zile nilikuwa nalala nikijua limepona kumbe mbao zinaendelea kuoza humo ndani.

Kitu ambacho nataka ukishike ni hiki, maji hayatokei pale yalipoingilia. Yakishaingia ndani ya ukuta yanafuata mbao, yanatembea kwa kulala, yakikuta skrubu au kona yanashuka, na dirisha ndo tundu kubwa lililokatwa kwenye ukuta kwa hiyo mengi yanaishia kutokea kwenye fremu yake. Kwa hiyo tafuta kwanza. Usipake chochote hujajua.

Kutafuta kwenyewe ni kazi ya watu wawili na mpira wa maji. Usiende kwa waosha magari wenye mashine ya presha, ile inasukuma maji hata penye raba nzima, itakudanganya. Mpira wa kawaida wa bustani, maji yatiririke taratibu kama mvua. Ndani toa mapazia, toa godoro, kama unaweza fungua na ubao wa ukutani, chomeka tishu nyeupe kuzunguka fremu yote maana tishu inaonyesha tone dogo kabla macho hayajaliona. Alafu anzia CHINI ya dirisha, siyo juu. Ukianzia juu maji yanashuka yanalowesha kila kitu na hutajua yameingilia wapi. Chini dakika tano mpaka kumi, kisha ukingo wa chini wa fremu, kisha ubavu mmoja, ubavu wa pili, ukingo wa juu, na ukimaliza hapo endelea kupanda mpaka paani.

Mi nilikuwa nje na mpira, kijana wangu ndani na tochi. Kila baada ya muda nasikia, bado baba! Nimemaliza dirisha lote, bado. Nimepanda juu zaidi, kama mita moja kutoka dirishani, pale reli ya turubai la kivuli ilipofungwa kwa boliti kwenye bodi, nimemwagia pale dakika nne hivi, nikasikia, baba tishu ya kona imelowa! Nikaingia mbio. Tone lilikuwa linatembea kwenye ubao, linang'aa kwenye mwanga wa tochi, linashuka polepole mpaka juu ya fremu, linazunguka kona na kudondokea kitandani. Dirisha halikuwa na kosa lolote kwa upande ule. Boliti moja ya reli ndo ilikuwa imelegea na gundi yake imekauka kama ganda la muwa.

Halafu jambo lingine, egesha gari kama lilivyokuwa siku lilipovuja. Uwanja wetu una mteremko, mara ya kwanza nilijaribu nikiwa nimeliegesha pua chini na sikupata kitu, nilivyoligeuza ndo likaonyesha.

Kuna njia nyingine niliiona kwa mzee mmoja wa gereji kule Unga Limited na nimeipenda. Anaziba matundu yote ya hewa kwa selotepu ya karatasi, anaweka feni kwenye kidirisha cha paa ikipuliza hewa kuingia ndani, pembeni kazibia kwa boksi, alafu anapita nje na sponji yenye maji ya sabuni kwenye viungo vyote. Penye upenyo sabuni inachemka mapovu. Nikamwambia, shikamoo mzee, hii umejifunzia wapi, akasema marahaba, si ndo kama unavyotafuta pancha. Kweli kabisa ni pancha.

Raba ya dirisha linalofunguka pima kwa karatasi, funga dirisha ukiwa umeibana, uivute. Ikitoka laini bila kukaza, hapo raba imekufa.

Sasa lile dimbwi la jikoni. Dirisha la jiko ni la kioo la kuslaidi, fremu ya alumini. Madirisha haya yametengenezwa yapokee maji, mvua inaingia kwenye reli ya chini na inatoka nje kupitia vitundu vidogo vilivyoko chini ya fremu. Yule fundi alivyozungusha silikoni yake akaviziba. Maji yakajaa kwenye reli yakakosa pa kutokea yakafurika ndani. Nawaomba sana, vile vitundu MSIZIBE, na mkitoka porini mvisafishe maana vumbi la Serengeti linaviziba lenyewe bila fundi. Kijiti cha meno na mswaki wa zamani vinatosha, ukimaliza mimina glasi ya maji kwenye reli utoke nje uone yanatoka.

Kulitoa dirisha la kitandani nililazimika, maana kuzunguka lile tundu kulikuwa kumeoza. Dirisha la bodi ya faiba kwa kawaida linashikwa na ringi ya ndani yenye skrubu, unafungua skrubu huku mtu wa pili amelishika dirisha nje lisije likaanguka. Gundi ya zamani ikate na kipande cha plastiki ngumu au mbao iliyochongwa, bisibisi itakwangua bodi. Kazi kubwa ni kuondoa silikoni, ilinichukua siku nzima, na lazima utoe yote kwa sababu hakuna gundi mpya inayoshika juu ya mabaki ya silikoni, hata silikoni yenyewe haishiki. Na ile inayonuka siki ukiipaka ni tindikali hiyo inayotoka, inakula chuma.

Hapa nikaharibu kitu ambacho mpaka leo kinaniuma. Dirisha hilo siyo kioo, ni plastiki ya akriliki, na mi nikaifuta kwa thina ili ing'ae. Jioni nikaona mistari midogo midogo imesambaa ukingoni, kama tope la bwawa lililokauka. Thina, petroli, hata spiriti, vinaipasua akriliki. Tumia maji na sabuni ya vyombo tu. Spiriti iache kwa faiba na alumini.

Plaiwudi iliyooza nilikata mpaka nikafika kwenye mbao ngumu, unachoma na bisibisi, ikigoma kuingia hapo ndo pazima. Alafu nikaacha ukuta wazi siku 9 na feni inapuliza. Usifunge ukuta wenye unyevu hata kama wageni wanakuja kesho, utafungia uozo humo.

Kurudishia nilitumia ule utepe wa butili, mzito wa kijivu kama bazoka, haukauki wala haupasuki, unatingishika na gari. Ulizia kwa wanaouza vifaa vya kuezekea paa. Usichanganye na gundi nyeusi ya kubandikia kioo cha mbele, ile ukishabandika dirisha halitoki tena mpaka ulikate. Zungusha utepe kwenye mdomo wa fremu, kiungo kiwe upande wa chini, fanya kazi mchana kukiwa na joto maana asubuhi za huku unakuwa mgumu. Kaza skrubu kwa mkono, siyo drili, kidogo kidogo kwa kukingama, utaona utepe unajikamua pembeni. Kesho yake rudia kukaza, utashangaa zimelegea. Kisha mi hupaka mstari mwembamba wa silanti ya poliyurethani juu na ubavuni, chini naacha wazi, maji yakiingia kwa bahati mbaya yapate pa kutokea. Zile boliti za reli nazo nilizitoa zote, siyo moja tu, nikaziwekea butili.

Nyie wenye Landkruza na Landrova madirisha yenu yamekaa kwenye raba, adui yenu ni kutu chini ya raba. Ukibadilisha raba bila kupiga msasa na rangi ya kuzuia kutu, mwakani utarudi hapohapo.

Masika iliyofuata niliacha tishu zangu zimechomekwa pale kwenye fremu. Mvua ya kwanza kubwa ilianza kama saa nane usiku, nikatoka na tochi na mwavuli mpaka uani, nikaingia, nikazigusa moja moja kuanzia kona ile. Kavu zote. Limebaki dirisha dogo la juu ya dereva ambalo karatasi inatoka laini, hilo nitalifungua mwezi wa pili kabla mvua hazijaanza.