Maswali Yenu: Bwawa la mayungiyungi uani

Nyuma ya nyumba nina nafasi ya mita tatu kwa nne. Nataka bwawa la maua la kutandika nailoni. Nichimbe kiasi gani, na ninunue nailoni ya ukubwa gani? (Msomaji, Tanga)

Nafasi inatosha. Chimba urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kina cha sentimita 50, mbali na mwembe na miti mingine inayopukutisha majani. Pawe na jua kwa muda usiopungua saa tano kwa siku. Yungiyungi likikosa jua hutoa majani matupu. Upande mmoja acha ngazi ya kina cha sentimita 20 kwa ajili ya vyungu vya mafunjo au magimbi.

Ukingo wote upimwe kwa ubao ulionyooka na pima maji. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: upande mmoja ukiwa chini kwa sentimita 3 tu, maji humwagikia huko na nailoni hubaki wazi upande wa pili, jua likiila.

Toa mawe na mizizi, mwaga mchanga laini wa sentimita 5, tandika magunia, kisha nailoni. Hesabu yake: urefu wa shimo, jumlisha kina mara mbili, jumlisha sentimita 60 za kulaza ukingoni, upana vivyo hivyo. Kwako ni mita 3.6 kwa 3.1. Ulizia ile nyeusi ya mabwawa ya samaki, unene wa milimita 0.5 au zaidi. Turubai la kufunikia mizigo litachanika. Jaza maji kwanza, ndipo ukate pembeni, kwa sababu uzito wa maji huivuta nailoni chini.

Bwawa langu ni la saruji, jipya. Samaki wote wamekufa siku ya pili. Wana ugonjwa? (Msomaji, Morogoro)

Yaelekea si ugonjwa, ni saruji. Chokaa yake huyeyuka majini na kuunguza matamvua ya samaki. Jaza bwawa, acha wiki moja, mwaga, sugua kuta kwa brashi ngumu. Fanya hivyo mara tatu. Pima kwa karatasi za pH (kiwango cha asidi au alkali ya maji), na ikizidi 8.5 rudia tena. Maji ya bomba nayo yakae wazi siku mbili ili klorini itoke kabla ya kutia samaki.

Maji yamekuwa ya kijani. Nabadilisha kila wiki, lakini yanarudi vilevile. (Msomaji, Mombasa)

Acha kubadilisha! Kila maji mapya huleta chumvichumvi zinazolisha mwani, nawe unaanza upya. Mwani hushindwa kwa kivuli na njaa. Majani yafunike nusu hadi theluthi mbili ya uso wa maji, na samaki wapewe chakula wanachokimaliza kwa dakika mbili, basi.

Kagua pia udongo wa maua. Samadi na udongo mweusi wa bustani huvuja rutuba majini. Panda yungiyungi kwenye beseni la lita 15 lenye udongo wa mfinyanzi, kichwa cha mche kikiwa juu ya udongo, kisha funika udongo kwa kokoto za sentimita 2. Inua beseni kwa matofali, maji yazidi kichwa kwa sentimita 15. Punguza matofali kadiri majani yanavyorefuka. Kwa pwani tunapendekeza yungiyungi la buluu, lililo la kwetu na lililozoea joto hili.

Jirani analalamikia mbu. Nimeshauriwa nipande gugumaji na kufuga perege. (Msomaji, Mwanza)

Gugumaji hapana kabisa. Ziwa Victoria limeteseka nalo vya kutosha, na kipande kimoja kikichukuliwa na mvua hadi mtaroni kinatosha kuanza. Perege nao hufukua mabeseni na kutafuna miche. Weka gapi, samaki wadogo wa mapambo, kumi kwa lita 1,000. Hula viluwiluwi, nao huzaliana wenyewe. Ondoa majani yaliyooza, maana viluwiluwi hujificha humo samaki wasiwafikie.

Maji yanapungua kila siku. Nitajuaje kama linavuja? (Msomaji, Dodoma)

Jaza ndoo maji, isimamishe kwenye ngazi ya bwawa, weka alama ya kina ndani ya ndoo na ukutani mwa bwawa. Pima baada ya saa 24. Vikipungua sawa, ni jua na upepo. Bwawa likipungua zaidi, linavuja: liache lishuke bila kuongeza maji, na pale litakaposimama, tafuta tundu kwenye mstari huohuo kuzunguka ukuta.