Muulize Fundi Umeme: Mlango mmoja umegoma, kompyuta imekosa nini?

Shikamoo fundi. Nina Toyota IST. Mlango wa nyuma kushoto umeacha kusikia sentro loki, mingine yote inafunga na kufungua vizuri. Cha ajabu, mlango huo nikiuacha wazi kidogo halafu nikabonyeza swichi ya dereva, loki yake inaruka. Nikiufunga, kimya. Rimoti nayo siku hizi haisikii mpaka niisogeze kwenye kioo, na betri nimetoka kuibadilisha: kifuniko kimeandikwa CR2016, dukani wakanipa CR2025, ikaingia kwa kubanwa. Fundi wa hapa anasema kompyuta ya milango imekufa, anataka laki tatu na nusu. Nimpe?
*Mwalimu wa sekondari, Tanga*

Marahaba, Mwalimu. Usimpe.

Kompyuta ikifa haichagui mlango mmoja. Kwenye magari ya aina hii, kwa kawaida amri ya kufunga milango ya abiria hutoka pamoja, kisha waya zinagawanyika kwenda kila mlango. Kama mlango wa nyuma kulia unasikia, amri imetoka salama na imepotelea njiani. Siku hizi kuna mafundi ambao kila wasichokipima wanakiita kompyuta.

Na mahali ilipopotelea umeshanitajia mwenyewe: mlango ukiwa wazi loki inaruka, ukifungwa inakufa. Fungua mlango huo utazame kati ya bawaba zake. Utaona mpira mweusi wenye mikunjo, unatoka kwenye nguzo ya bodi na kuingia mlangoni. Humo zinapita waya za loki na za kioo. Kila mlango ukifunguliwa na kufungwa waya hizo zinakunjwa hapo hapo, na gari lako lilishakunja sana huko Japani kabla halijapanda meli. Shaba inakatika ndani huku ganda la plastiki likiwa zima, kwa hiyo kutazama tu hakusaidii. Mwambie fundi auchomoe mpira upande wa bodi, ashike waya moja moja na kuivuta taratibu kwa vidole. Waya nzima haiendi popote. Iliyokatika inarefuka mkononi kama lastiki. Kioo cha mlango huo nacho kikiwa kinapanda kwa kusuasua, ndiyo sina shaka kabisa.

Kuunga ndiko wengi wanakoharibu. Usikubali waya isokotwe na kuzungushiwa tepu nyeusi, mvua za masika zikianza utarudi pale pale. Akate sehemu yote iliyochoka, aweke kipande kipya cha waya laini, na viungo vya solda vikae mahali pasipokunjwa: kimoja ndani ya mlango, kingine ndani ya nguzo. Juu yake avishe ule mpira unaobana kwa moto. Solda ikiwekwa kwenye mkunjo inaikaza waya, nayo itakatika tena pembeni ya kiungo.

Ikitokea waya zote ni nzima, ndipo avue kava la mlango, achomoe soketi ya mota ya loki na kuweka taa ya kupimia kati ya waya zake mbili. Mota ile haina chanya wala hasi ya kudumu: ukifunga, umeme unapita upande mmoja, ukifungua unageuka. Taa ikimulika mara moja kwenye kufunga na mara moja kwenye kufungua, umeme unafika, mota ndiyo imekwisha. Lakini mota inayokufa ina tabia zake. Asubuhi inafanya kazi, saa saba mchana gari likishapikwa na jua inagoma, ukiupiga mlango kofi inaamka. Yako haina tabia hizo, ndiyo maana namtuma fundi wako kwenye mpira kwanza.

Rimoti ni kesi nyingine, tusiichanganye na mlango. Zile namba za betri ni vipimo. CR2016 ina upana wa milimita 20 na unene wa 1.6, CR2025 upana ni huo huo, unene ni 2.5. Ukiibana kwa nguvu unakunja vibati vinavyoishika, na baada ya hapo hata betri sahihi inagusa kwa kubahatisha. Nunua CR2016 iliyo kwenye pakiti yake, si ile iliyoanikwa juani kwenye meza ya barabarani. Vinyanyue vibati kidogo kwa ncha ya bisibisi, vipanguse kwa spiriti, upime betri kwa mita kabla ya kuiweka: mpya inasoma volti 3 au zaidi kidogo. Kama una rimoti ya pili, ijaribu. Ikifungua kutoka mbali, gari halina kosa, ni hiyo ya kwanza tu, na kinachofuata ni kuangalia solda chini ya vitufe.

Fundi, nikifungua gari kwa rimoti halafu nikachelewa kupakia mizigo, linajifunga lenyewe. Jirani anasema kuna mtu ana rimoti inayofanana na yangu.
*Msomaji, Morogoro*

Jirani anakutia hofu bure. Toyota nyingi zimetengenezwa hivyo: ukifungua kwa rimoti na usifungue mlango wowote kwa kama nusu dakika, linajifunga, isije ikawa ulibonyeza kwa bahati mbaya mfukoni. Fungua mlango mmoja na halitajifunga. Likijifunga hata baada ya kufungua mlango, angalia taa ya ndani. Isipowaka kwa mlango huo na balbu ni nzima, swichi ya mlango haitoi taarifa.

Nimenunua kava jipya la funguo, nikahamisha bati la rimoti na ulimi wa ufunguo. Milango yafunguka, staata yazunguka, lakini gari haliwaki.
*Msomaji, Mombasa*

Ndugu yangu, kava la zamani usilitupe! Ndani yake kuna kipande cheusi kidogo, kwenye funguo nyingi kimechomekwa peke yake mbali na bati la rimoti. Hiyo ndiyo chipu ambayo gari huiuliza kabla ya kukubali kuwaka. Haitumii betri, hulishwa na koili iliyozunguka tundu la swichi, na ndiyo maana milango hufunguka hata chipu ikiwa haipo. Pasua kava kuukuu taratibu, kiangalie kwenye kona, kihamishe. Kikiwa kimeshakwenda na takataka, itabidi chipu nyingine isajiliwe kwenye gari kwa mashine. Nenda na logibuku, na fundi asiyekuuliza hiyo logibuku mkimbie.