Hilo daftari lichome leo

Simama hapohapo. Umeuliza uzamivu ukasome Ujerumani au Uingereza, ufadhili unapatikanaje, na kama kuna ajira kwa mtu aliyesomea vita vya Kongo. Halafu katikati ukapenyeza kwamba umeshafungua daftari la majina na namba za simu za watu utakaowahoji Uvira, mashariki mwa Kongo. Hilo daftari lichome.

Mimi nilikuwa nalo. Mwaka 2014, bonde la Ruzizi, karibu na Uvira, nachunguza ugomvi wa umwami, yaani uchifu wa jadi, kati ya Barundi na Bafuliru, jamii mbili za bonde hilo, uliowaka upya mwami wa Barundi alipouawa 2012. Juni mwaka huohuo wa 2014 watu zaidi ya 30 walikuwa wameuawa Mutarule, bondeni humohumo. Nikahoji wazee wa pande zote mbili: jina kamili, kijiji, simu, alichosema. Msimamizi wangu ndiye aliyeniagiza, eti bila majina watahini hawataniamini. Mtu hajakanyaga Kivu hata siku moja! Na fomu ya maadili ya chuo iliuliza nywila ya kompyuta, bariyeri, kizuizi cha askari barabarani, haikuuliza.

Narudi Bukavu, kwenye bariyeri kabla ya Kamanyola, askari akamwaga begi langu juu ya benchi. Pasipoti hakuhangaika nayo. Akalamba kidole, akafungua daftari, akaanza kusoma kwa sauti: jina, kijiji, jina, kijiji. Abiria wote kimya, wanasikiliza. Ningeandika Kichina angeambulia nini? Akaondoka nalo.

Wiki tatu nilizunguka kuwaonya, mmoja mmoja, watu 41. Mzee aliyewahi kunikaribisha bugali na ndagala alinisikiliza hadi mwisho, akaingia ndani bila kuniaga. Siku chache baadaye alivuka kwenda kwa mwanawe Bujumbura, mihogo akaiacha shambani. Sura mbili za tasnifu nilizifuta, mwaka ukapotea, lakini hayo si kitu mbele ya yule mzee.

Mpe mtu namba ya kumtambulisha badala ya jina kabla hujaketi naye. Jina usiliandike popote, hata kwenye simu, maana simu nayo hukaguliwa. Kijiji nacho kifiche kama mzee wa sifa hizo ni mmoja tu pale. Sauti ukirekodi, iandike kwa maandishi usiku uleule, kisha ifute.

Ufadhili tutaongea. Kwanza nijibu: hiyo orodha umeshamtumia nani?