Kipimo kimekataa kufuata vitabu: ni kosa au ni jambo jipya?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu ni wa maji ya visima mkoani Arusha. Ninapima visima 24. Baada ya mvua za masika floraidi ilishuka karibu kila mahali, kama nilivyotarajia, lakini katika visima vitatu ilipanda. Mwenzangu mmoja ananishauri niviondoe kwa kuwa vinaharibu wastani. Mwingine ananiambia nimegundua kitu. Watafiti wa fani mbalimbali wanajuaje kwamba walichokiona ni jambo jipya, na wanalielezaje?

Jibu: Visima hivyo usiviondoe, wala usitangaze ugunduzi bado. Swali lako lina maswali mawili ndani yake, na kila moja lina kazi yake: je, jambo lipo kweli? Na kama lipo, linasababishwa na nini? Tafiti nyingi huharibika kwa sababu mtu amerukia la pili kabla hajamaliza la kwanza. Akishapata maelezo yanayomvutia, hakumbuki tena kukikagua kifaa.

Basi anza na kifaa. Kama umetumia elektrodi ya floraidi, rudia vipimo vya visima hivyo vitatu ukichanganya sampuli na bafa (kimiminika kinachozuia pH isibadilike) kwa ujazo sawa, pH ikae kati ya 5 na 5.5. Maji mengi ya ukanda wenu yana alkali, na elektrodi hii huhesabu haidroksidi kana kwamba ni floraidi, kwa hiyo bafa ikiwa pungufu kipimo kitapanda bila floraidi kuongezeka. Alumini na chuma hufanya kinyume: huishika floraidi na kukifanya kipimo kishuke. Hakikisha sampuli na miyeyusho ya kulinganishia, ambayo floraidi yake unaijua, viko kwenye joto moja. Katika nyuzi 25 hivi, floraidi ikiongezeka mara kumi volti inapaswa kubadilika kwa milivolti 54 hadi 60. Ukipata 45, elektrodi imechoka. Sampuli zihifadhiwe kwenye chupa za plastiki, si za kioo. Pima pia maji safi yasiyo na floraidi, kisha ongeza kiasi unachokijua kwenye sampuli ya kisima uone kama unakirudisha, tuseme kati ya asilimia 90 na 110. Mwisho, mpe mtu mwingine chupa zenye namba tu, apime bila kujua ipi ni ya kisima kipi.

Hatua hii inachosha, lakini hata maabara kubwa haziikwepi. Septemba 2011 kundi la wanafizikia la OPERA lilitangaza kwamba nyutrino (chembe ndogo sana zinazopenya karibu kila kitu) zilizorushwa kutoka CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, hadi Gran Sasso, Italia, umbali wa kilomita 730 hivi, zilifika nanosekunde 60 mapema kuliko mwanga. Sababu kuu ilikuja kuonekana kuwa kebo ya nyuzi za mwanga ambayo haikukazwa sawasawa. Kundi hilo halikuficha kipimo chake wala halikudai kuwa fizikia imepinduka. Liliwaomba wengine wakague, na hivyo ndivyo inavyopasa.

Kosa la kifaa likiondolewa, yapo mazingira. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, akiwa mwanafunzi huko Cambridge, aliona alama ndogo kwenye karatasi za darubini ya redio. Zilikuwa midundo inayojirudia kila sekunde 1.337. Kwa mdundo sawasawa namna hiyo, mtu hushuku kwanza mitambo ya binadamu. Jambo lililosaidia kuamua ni saa: ishara ilirudi kila baada ya saa 23 na dakika 56, yaani ilifuata mzunguko wa nyota, ilhali shughuli za watu hufuata saa 24. Darubini nyingine nayo iliiona, na baadaye Bell alikuta chanzo cha pili upande mwingine wa anga. Maelezo yakaja baada ya hapo. Wengine walidhani ni nyota kibete nyeupe (mabaki ya nyota zilizokufa) zinazotetemeka, wengine nyota za nyutroni (mabaki yaliyosongamana zaidi) zinazozunguka. Mwishoni mwa 1968 ikapatikana ishara kwenye Nebula ya Kaa, wingu la mabaki ya nyota iliyolipuka, inayopiga kila milisekunde 33, kasi ambayo nyota kibete haiwezi kuifikia, na mdundo wake ulikuwa ukipungua polepole kama kitu kinachopoteza mzunguko. Kipimo kimoja kikawa kimeondoa dhana moja mezani.

Ona kwamba mshindi hakupatikana kwa kukusanya ushahidi wa kumpendelea. Alipatikana kwa kutafuta mahali ambapo dhana mbili zinatabiri matokeo tofauti, kisha kupima hapohapo.

Mfano ninaoupenda zaidi uko kwenye afya ya jamii, tena ni wa huku kwetu: ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu yote miwili kwa ghafla. Mwaka 1981 mlipuko mkubwa ulitokea mkoa wa Nampula, Msumbiji, wagonjwa wakapita 1,000. Milipuko imeandikwa pia Congo, na huko Tarime, Tanzania, katika miaka ya 1980. Miguu ikipooza kwa mlipuko, wazo la kwanza ni polio. Lakini polio huacha misuli imelegea, na hawa walikuwa na misuli iliyokakamaa. Tofauti hiyo peke yake ilitosha kusema kwamba tunatazama kitu kingine.

Kazi iliyofuata ilikuwa kufafanua nani ahesabiwe mgonjwa. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 1996 ni vitatu: mwendo uliokakamaa pande zote mbili unaoonekana mtu akitembea au kukimbia, ugonjwa uanze ndani ya wiki moja kwa mtu aliyekuwa mzima, kisha usiendelee kuzidi, na mishtuko ya goti au kifundo (mguu kuruka wenyewe unapogongwa) iwe mikali pande zote mbili bila dalili ya ugonjwa wa uti wa mgongo. Hakuna neno juu ya muhogo wala sianidi, sumu ya muhogo mchungu, ingawa ndivyo vilivyoshukiwa. Hili ni la makusudi, na ningependa ulishike: ukiingiza sababu unayoishuku ndani ya fasili, kila mgonjwa utakayempata atakula muhogo, na hutakuwa umethibitisha chochote.

Ndipo dhana zikashindanishwa. Kama ni kirusi, ugonjwa ungetarajiwa kufuata mgusano wa watu na kufika mijini. Kama ni sumu, ungefuata chakula na msimu. Walichokiona ni vijiji vyenye ukame, watu wanakula muhogo mchungu uliofupishiwa siku za kuloweka na kukausha, na watoto wadogo wanaonyonya wakisalimika. Mkojo ulikuwa na thayosianeti nyingi, dalili kwamba mwili unapambana na sianidi. Mwili huigeuza sianidi kuwa thayosianeti kwa kutumia salfa itokayo kwenye protini, na lishe ya wagonjwa ilikuwa na protini kidogo. Vipimo vya HIV na vya HTLV-1, kirusi kingine kinachoweza kukakamaza miguu, vikatoka hasi kwa wagonjwa.

Hatua ya mwisho ni kuiondoa sababu uone kama athari nayo inaondoka. Unga wa muhogo ukichanganywa na maji, ukatandazwa kwa unene usiozidi sentimita moja na kuachwa juani saa mbili, au kivulini saa tano, sianidi nyingi hutoka kama gesi. Mbinu hiyo ilipofundishwa kwa akina mama wa kijiji cha Kay Kalenda, Popokabaka, Congo, wagonjwa wapya hawakuonekana katika kipindi cha mradi. Hata hivyo, namna hasa mishipa ya fahamu inavyoharibiwa bado inabishaniwa. Unaweza kujua sababu vya kutosha kuokoa miguu ya watoto kabla hujaumaliza mnyororo wote wa maelezo.

Kasoro ya fasili hutesa hata fizikia. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya ule uliopoa. Yeye na Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam walilichapisha mwaka 1969. Mpaka leo kuna mabishano, na sehemu kubwa inatokana na watu kupima vitu tofauti: mmoja anapima muda wa kufika nyuzi 0, mwingine muda wa barafu kuanza kuonekana, wa tatu muda wa kuganda kabisa. Mwaka 2016 Burridge na Linden walionyesha kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kuleta tofauti ya uongo. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wakaionyesha athari ya aina hiyo bila utata, lakini kwa chembe ndogo zinazoelea kwenye maji, si kwa maji yenyewe.

Kuhusu takwimu nitasema kwa ufupi. Ukifanya majaribio 20 yasiyotegemeana kwa kiwango cha 0.05 (yaani unakubali bahati ikudanganye mara moja kati ya 20), uwezekano wa kupata angalau tokeo moja la uongo ni karibu asilimia 64. Wewe una visima 24, kwa hiyo vitatu visikutishe wala visikufurahishe mpaka ujue kipimo chako hubadilika kiasi gani bila mvua. Wanafizikia wa chembe hudai sigma 5, yaani uwezekano wa karibu 1 kwa milioni 3.5 kwamba bahati tu ingeleta tokeo kama hilo, na si bure: mwinuko kwenye data ulioonekana CERN Desemba 2015, uliofanana na dalili ya chembe mpya, ulipotea Agosti 2016 data zilipoongezeka.

Sasa visima vyako. Tuseme kupanda kumethibitika. Nakuwekea dhana tatu mezani. Ya kwanza, mvua imeosha chumvi zilizojikusanya juu ya udongo wakati wa kiangazi. Hapo kloraidi na sodiamu zitapanda pamoja na floraidi. Ya pili, maji ya mvua yamepunguza kalsiamu, na madini ya floraiti, yenye kalsiamu na floraidi, yameyeyuka zaidi. Hapo kalsiamu itashuka floraidi ikipanda, na kloraidi haitafuata. Ya tatu, kisima kimeanza kupokea maji ya tabaka jingine. Hapo mabadiliko yatahusu karibu kila kitu, pamoja na joto la maji na kina chake. Gharama ya kupima kloraidi na kalsiamu ni ndogo. Kama chupa za masika bado zipo, anza nazo wiki hii.

Kisha andika utabiri wako kabla ya mvua za vuli, mkabidhi msimamizi wako nakala yenye tarehe, na uchukue sampuli kila wiki kuanzia mwezi mmoja kabla ya mvua, kwenye visima hivyo vitatu na vingine vitatu vilivyo jirani navyo. Na kama kipimo kilichothibitishwa kinazidi miligramu 1.5 kwa lita, usisubiri tasnifu ikamilike. Wajulishe kamati ya maji na ofisi ya maji ya wilaya, kwa sababu meno ya kudumu ya watoto hujengeka katika miaka minane ya mwanzo, na floraidi ikishayaharibu hayarudi.