Kutoka na mtoto wa mboga saba chuoni: jibu kutoka upande wa mboga saba

Mleta uzi anasema yuko mwaka wa pili, mtoto wa mkulima, anaishi kwa boom (ile hela ya kujikimu ya mkopo wa serikali), kampata binti wa mboga saba, yaani wa familia yenye hela, wa Masaki, anayeshushwa chuo na gari, bethidei ya binti iko mwezi ujao hotelini, anauliza akope laki mbili za zawadi na nguo au ajitoe mapema kabla hajaaibika.

Mdogo wangu, waliokujibu huko juu karibu wote ni wanaume, na wengine naona hasira za kuachwa bado hazijawaisha. Ngoja niongee mimi maana mimi ndo nilikuwa huyo binti. Nimekulia Mbezi Beach, baba mshahara mama mshahara, nimeingia Mlimani (UDSM) nikamkuta kijana wa Mbinga kwenye kimbweta, zile meza za kusomea nje, anafundisha takwimu kila mtu anayeogopa sapu, yaani kurudia mtihani. Na mimi nilikuwa naogopa sapu. Ikaanzia hapo.

Kilichonisumbua haikuwa umaskini wake, nilikuwa sielewi hela yake inaendaje. Kipindi chetu boom ilikuwa 8,500 kwa siku (sasa hivi mnakula elfu 10 nyie, mshukuruni Mungu), ikija ya siku 60 ni laki tano na kumi kwa mkupuo. Siku ikiingia jamaa anatuma nyumbani kwanza, ananunua mchele na maharage, halafu ananitoa Mlimani City tunakula kuku na hataki kabisa nishike pochi. Baada ya wiki kadhaa anapotea. Simu hapokei, ukimpata yuko bize na disikasheni, ukimwambia twende mahali anasema ameshiba, mimi nikajua tayari huyu ana manzi mwingine nikamnunia weeee, kumbe mwenzangu anapiga pasi ndefu, chai na chapati mbili saa tano asubuhi hiyo hiyo mpaka kesho.

Rumeti wake ndo alinimwagia siri. Basi na akili zangu za kishua nikabeba hotpoti la pilau kutoka nyumbani nikaenda nalo mpaka kimbwetani mbele ya wenzake. Hakuligusa. Aliendelea kuchora majedwali yake kwenye daftari kama hajaniona, wenzake wakafungua, wakala mpaka wakakwangua ukoko, yeye anawaelekeza tu "hapo gawanya kwa n". Baadaye akaniambia kule hosteli Mabibo washaanza kumuita marioo, yaani mwanaume anayelelewa na mwanamke. Hiyo sisi huwa hatuijui, kwamba njaa mnaivumilia ila hilo jina hapana.

Likizo ndefu nikaenda Mbinga na wenzangu wa darasani kwenye harusi ya dada yake. Basi linatoka Dar alfajiri, Iringa, Njombe, Songea, halafu bado safari. Kule milima yote imechimbwa ngoro, yale mashimo ya Wamatengo ya kuzuia maji yasibebe udongo, na uani kwao kahawa imeanikwa kwenye vichanja, mama yake anaigeuzageuza kwa mkono huku anaongea na sisi. Nikamuuliza mzee mbona harusi nyingi hivi mwezi mmoja, akacheka, akasema binti yangu, huku kila kitu kinasubiri kahawa. Bati, ada, harusi, deni la dukani, vyote vimeandikwa kwenye daftari mpaka chama cha msingi cha wakulima kilipe. Pale akili ikanikaa sawa. Nyumbani kwetu hela inaingia kila mwisho wa mwezi kwahiyo ukiishiwa unasubiri siku chache tu, kwao inaingia mara moja inatakiwa ifike mwakani. Jamaa hakuwa mbahili wala mficha siri, alikuwa anaitunza boom kama baba yake anavyotunza hela ya kahawa, tatizo ile wiki ya kwanza alikuwa anaichanganya na mimi.

Tuliporudi tukakubaliana, wiki za boom ananitoa yeye, zikikata tunakula wali maharage kafteria na kila mtu analipa sahani yake. Marioo ikafa yenyewe. Kwetu mama hakuwa na neno, shangazi ndo alituchosha na maswali yake ya kwao wana nini, nikamwambia wana milima. Tulidumu mpaka baada ya chuo, tukaachana yeye akiwa kazini Mwanza mimi Dar, umbali ndo ulituua, hela haikuhusika.

Kwahiyo wewe mwambie huyo binti boom yako inaingia lini na huwa inakata lini, muambie wazi kama unavyomuambia ratiba ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula. Akicheka kwa dharau, haya, waliosema ukimbie walikuwa sahihi. Ila mimi nadhani hatacheka, wengi wetu huwa tunakaa tunajiuliza tu mbona huyu leo yupo kesho hayupo.

Bethidei nenda. Vaa shati lako lipige pasi, zawadi nunua ya uwezo wako, kwenye meza ya watu ishirini hakuna atakayekumbuka nani kaleta nini. Ila laki mbili ya kukopa hapana, hasa hizo kausha damu, mikopo ya riba kubwa ya kwenye simu. Ukichelewa siku moja tu wanampigia kila mtu aliyeko kwenye fonibuku yako, na namba ya huyo binti si imo?